Injini Imetengenezwa na Bado Inasumbua: Wapi pa Kuanzia Kutafuta

Gari la zamani likitoka gereji na bado linamisi (silinda moja au zaidi haiwaki inavyopaswa), linazima njiani au linachemsha, wengi wetu hufanya moja kati ya mawili: tunalirudisha kwa hasira, au tunanunua spea nyingine. Yote mawili yanaweza kusubiri. Kuna swali la kujibu kwanza, na jibu lake ndilo litakaloongoza kazi yote: tatizo hili la sasa ni lile lile la mwanzo, ni jipya lililoingia wakati wa matengenezo, au ni la pili lililokuwa limejificha nyuma ya la kwanza?

Kama ni lile lile, spea iliyobadilishwa haikuwa na kosa na aliyeibadilisha alikisia. Kama ni jipya, tafuta pale mkono ulipopita. Kama ni la pili, kazi iliyofanywa inaweza kuwa sahihi kabisa, ila haikufika mwisho. Injini iliyomisi kwa miezi imekuwa ikimwaga petroli mbichi kwenye egzosi. Masega ya kisafisha moshi kilicho ndani ya egzosi yamepata joto kupita kiasi, yakayeyuka na kuziba njia ya moshi, na siku plagi zinapobadilishwa kumisi kunakwisha lakini gari halina nguvu ya kupanda mlima. Mwenye gari hudhani fundi ameharibu, kumbe madhara yalikuwapo kabla gari halijafika kwake.

Andika kabla ya kugusa

Neno "linasumbua" halimsaidii mtu yeyote. Andika injini ilikuwa ya baridi au ya moto, ilichukua dakika ngapi, gari lilikuwa limesimama au linakwenda, ulikuwa umekanyaga mafuta au umeachia, tanki lilikuwa na kiasi gani, mvua ilikuwa imenyesha au la. Fanya hivyo kwa safari tatu au nne.

Chukua mfano huu: "Asubuhi linamisi dakika mbili za kwanza na kutoa moshi mweupe, kisha linatulia mpaka kesho yake." Sentensi hiyo moja imeshaondoa nusu ya watuhumiwa. Koili mbovu, yaani kifaa kinachoipa plagi umeme wake, haingojei asubuhi na kuacha moshi mweupe. Maji yanayodondoka polepole ndani ya silinda usiku kucha kupitia gasketi ya hedi (kizibo kati ya bloku ya injini na kichwa chake), hayo yanafanya hivyo hasa: plagi inalowa, silinda moja inakataa kuwaka, maji yakishaungua injini inakaa sawa. Ongeza kuona kama maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja chini, na umeshajua pa kupima.

Omba pia orodha ya vilivyobadilishwa, na kama bado vipo, omba spea za zamani. Plagi zilizotolewa ni barua kutoka ndani ya silinda. Yenye rangi ya kahawia hafifu imefanya kazi vizuri. Yenye masizi meusi makavu ilikuwa kwenye mafuta mengi kupita hewa, au ilikuwa haiwaki. Iliyolowa oili inaelekeza kwenye ringi za pistoni au sili za valvu. Nyeupe iliyochomeka na kutoa vipele ilipata joto kali, mara nyingi kwa sababu ya hewa nyingi na mafuta machache. Fundi akizitupa kabla hujaziona, ushahidi umekwenda.

Fuata mkono ulikopita

Tatizo likiwa halikuwapo kabla ya gereji, usianze na kitu kigumu. Anza na kilichofunguliwa.

Niliwahi kuwa na gari ambalo baada ya kubadilishwa gasketi ya hedi lilikuwa zuri kwenye sailensi, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, lakini ukiondoka kwa nguvu linashtuka na kukata pumzi. Plagi zikabadilishwa, koili zikabadilishwa, chujio la mafuta likabadilishwa. Hali ile ile. Siku moja nikaushika ule mpira mnene unaotoka kwenye chujio la hewa kuelekea kwenye throtili (mlango wa hewa wa injini), nikaukunja kwa mkono. Upande wa chini, ndani ya mkunjo usioonekana ukiwa umesimama mbele ya gari, ufa wa urefu wa kidole ukafunguka kama mdomo. Mpira ulikuwa mkongwe na mkavu. Ulivutwa wakati wa kuutoa ukapasuka. Injini ikiwa imetulia, ufa ulijifunga wenyewe. Ukikanyaga mafuta, injini inainama kwenye mauntingi zake, mpira unavutika, ufa unafunguka, na hewa inaingia bila kupita kwenye sensa ya kupima hewa. Kompyuta ya injini haikujua kuwa hewa hiyo ipo, kwa hiyo haikuongeza mafuta. Spea zote zile hazikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo kunja kila mpira uliotolewa, usiutazame tu. Kagua klipu, hasa zile ndogo za mipira ya vakyumu inayokwenda kwenye busta ya breki na nyuma ya manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda). Bonyeza kila soketi ya waya mpaka ilie "tik". Plastiki ya zamani huvunjika meno yake na soketi ikakaa kama imeingia wakati imelegea. Kama injini ina waya za plagi, hakikisha mpangilio wa kuwaka haukubadilishwa. Injini nyingi za silinda nne zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, lakini thibitisha kwa kitabu cha gari lako. Waya mbili zikibadilishana nafasi injini inaweza bado kuwaka, ikatetemeka vibaya na kupiga mlio kwenye egzosi au kwenye chujio la hewa.

Plagi mpya nazo si za kuaminiwa kwa sababu ni mpya. Ikidondoka sakafuni, pengo lake linajifunga na kaure yake inaweza kupata ufa mwembamba kama unywele. Mapengo ya magari mengi huwa kati ya milimita 0.7 na 1.1, pima kila moja.

Jambo moja linalowatisha watu bure: betri ikiwa ilitolewa au throtili ikasafishwa, kompyuta hupoteza vipimo ilivyojifunza. Sailensi inaweza kupanda na kushuka, au gari likazima ukiachia mafuta. Baadhi ya magari yana utaratibu maalumu wa kuifundisha upya, mengine hujirekebisha kwa safari kadhaa. Lisipotulia baada ya siku chache, hapo ndipo utafute uvujaji wa hewa.

Umeme kwanza, ni dakika kumi

Sensa na koili za gari la zamani haziwezi kusema kweli zikipewa umeme mbovu. Multimita ya kawaida inatosha. Betri iliyopumzika usiku na iliyojaa husoma karibu volti 12.6; ikiwa 12.0 imekaribia kuisha. Injini ikiwaka utaona kati ya 13.8 na 14.5. Wakati starta inazungusha, isishuke chini ya 9.6 hivi.

Kipimo kinachosahaulika ni cha athi, waya unaounganisha injini na hasi ya betri. Weka waya mmoja wa multimita kwenye chuma kitupu cha injini, mwingine kwenye kichwa cha hasi cha betri chenyewe, kisha mtu apige starta. Usomaji mzuri huwa karibu volti 0.2 au chini. Ukifika nusu volti au zaidi, waya wa athi umeoza, umelegea, au umefungwa juu ya rangi na kutu. Hili hutokea mara kwa mara baada ya injini au giaboksi kushushwa, kwa sababu waya wa athi ni kitu cha mwisho kurudishwa na ni rahisi kukisahau. Dalili zake hazina mpangilio: taa ya injini inawaka leo kwa hili na kesho kwa lile, mishale ya dashibodi inacheza, kompyuta inalalamikia sensa tatu kwa pamoja. Sensa tatu haziharibiki siku moja. Zikilalamika pamoja, tafuta waya zinaoushiriki.

Linamisi

Magari yenye mfumo wa OBD-II, ambamo kompyuta ya gari hujichunguza na kuandika namba za makosa ziitwazo kodi, yanakusaidia hapa. Marekani ulikuwa lazima kwa magari mapya ya abiria kuanzia modeli za 1996, na Ulaya kwa magari mapya ya petroli kuanzia 2001. Kodi P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea hivyo. P0300 ni kumisi kusikochagua silinda.

Kodi ikitaja silinda moja, tuseme P0302, usinunue kitu. Hamisha. Zima injini, toa koili ya silinda ya pili uipeleke ya nne, futa kodi, endesha. Kodi ikihama ikawa P0304, umeikamata koili. Isipohama, hamisha plagi. Bado ipo silinda ya pili? Basi ni nozeli inayopulizia mafuta, waya zake, au mgandamizo wa silinda yenyewe. Njia hii haina gharama na haina ubishi, na inashangaza ni mara ngapi watu huiruka.

Silinda zikimisi bila mpangilio, angalia asilimia za kurekebisha mafuta kwenye mashine ya kusomea kodi. Kompyuta hutumia sensa ya oksijeni kuongeza au kupunguza mafuta, na kwa kawaida marekebisho hayo hukaa ndani ya asilimia 10 juu au chini. Yakiwa juu sana kwenye sailensi lakini yakashuka ukishikilia resi 2,500 (mizunguko ya injini kwa dakika), kuna hewa inayovuja kuingia: uvujaji mdogo ni mkubwa kwa injini inayovuta hewa kidogo, na hauonekani ikivuta nyingi. Yakiwa sawa kwenye sailensi lakini yakapanda ukikanyaga au ukipanda mlima, mafuta hayafiki ya kutosha: pampu imechoka, chujio limeziba, au sensa ya kupima hewa imechafuka na inasoma pungufu. Mambo haya mawili huleta kodi moja, P0171 (hewa nyingi, mafuta machache), ndiyo maana kusoma kodi peke yake na kukimbilia dukani kunapoteza pesa. Sensa ya oksijeni hutajwa na hubadilishwa, wakati yenyewe ilikuwa inaripoti ukweli.

Kutafuta uvujaji wa hewa, mashine ya moshi ndiyo njia bora. Wapo wanaopulizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta na kusikiliza injini ikibadilika. Inafanya kazi, lakini juu ya manifoldi ya moto yenye waya wa miaka mingi, nimeona moto ukishika. Sikushauri.

Linazima likipata moto, likipoa linawaka

Hapa wakati ni kila kitu. Ukisubiri mpaka fundi afike, gari limepoa na limepona. Jiandae kupima pale pale linapozima.

Piga starta na uangalie mshale wa resi, kama gari lako lina mshale unaosoma kutoka kwenye kompyuta. Ukilala kabisa kwenye sifuri wakati injini inazungushwa, mshukiwa wa kwanza ni sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa injini. Mara nyingi ndani yake kuna waya mwembamba uliosokotwa ambao hutanuka kwa joto na kukatika, ukipoa unagusana tena. Kodi yake ni P0335, lakini mara nyingi haiandiki. Mshale ukicheza kama kawaida, sikiliza pampu ya mafuta unapowasha swichi: inapaswa kunguruma sekunde mbili hivi. Ikiwa kimya, kagua rilei yake (swichi yake ya umeme) na pampu kabla ya kusema ni injini. Ikinguruma na umeme wa plagi upo, pima presha ya mafuta. Pampu inayochoka hunguruma vizuri huku ikisukuma kidogo.

Kama lina shida ya kuwaka likiwa moto lakini halizimi lenyewe, na lina harufu ya petroli, fikiria nozeli zinazodondosha baada ya kuzima, au sensa ya joto la maji inayoidanganya kompyuta kuwa injini ni baridi. Sensa hii ni ya bei ndogo na makosa yake ni mengi. Nyingi za aina hii husoma kati ya oomu 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi 20 za selsiasi, na mia chache tu kwenye nyuzi 80. Itie ndani ya maji yanayopashwa moto polepole, pima, linganisha na kitabu.

Linachemsha bado, na themostati ni mpya

Nianze na lisilo na mjadala: usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji yaliyo chini ya presha hayajachemka kwa kuwa yamebanwa; ukifungua yanageuka mvuke papo hapo usoni mwako.

Baada ya kazi yoyote ya mfumo wa maji, hewa iliyobaki ndani ndiyo sababu ya kwanza. Hewa ikikaa kwenye themostati, yaani mlango unaoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, mlango huo haufunguki kwa wakati kwa kuwa mvuke hauupashi joto kama maji. Inua pua ya gari, weka kipasha joto cha ndani kwenye moto kabisa, fungua kifuniko injini ikiwa baridi, washa, ongeza kulanti (maji ya kupozea injini) huku ukiminya mpira wa juu taratibu mpaka viputo viishe. Themostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Subiri mpaka mpira wa chini nao upate joto. Themostati zenye kitundu kidogo chenye kipini huwekwa kitundu kikiwa juu, ili hewa ipite.

Viputo visivyoisha ni habari nyingine. Kama vinaendelea kutoka dakika ishirini baadaye, na vinaongezeka ukipiga resi, ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Kuna kipimo cha dawa ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta: ikigeuka njano, gesi ya moto imepita. Gasketi ikiwa ilibadilishwa juzi, uliza mambo mawili kwa upole. Je, hedi ilipimwa kwa rula ya chuma kuona kama imepinda? Kwa injini nyingi ndogo kikomo ni milimita 0.05 mpaka 0.1 tu. Na je, bolti zilikuwa mpya? Injini nyingi hutumia bolti zinazovutika mara moja. Zikirudishwa za zamani hazibani tena sawasawa, na gasketi mpya inaungua kama ile ya kwanza.

Kama hakuna viputo, angalia linachemsha lini. Likisimama kwenye foleni na kupoa likikimbia, ni feni. Hakikisha pia inavuta hewa kwenda upande sahihi. Nimekuta feni ya umeme iliyobadilishwa waya chanya na hasi, inazunguka vizuri kinyumenyume na kupambana na upepo. Likichemsha kwenye mwendo mkali na kutulia likienda polepole, rejeta imeziba, pampu ya maji imekula mapanga yake, au mpira wa chini unanyonywa na kufunga. Na usisahau kifuniko cha rejeta. Chemchemi yake ikilegea haishiki presha, maji yanachemka kwa joto la chini kuliko yanavyopaswa, na watu wanabadilisha rejeta nzima.

Halina nguvu

Ikiwa mkanda au cheni ya taimingi (inayooanisha krenki na valvu) iliguswa, shuku jino moja. Taimingi iliyokosea jino moja huacha injini iwake na kunguruma, lakini ikiwa dhaifu na nzito kuwaka. P0016 ni kodi yake ya kawaida. Uzungushe krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kisha utazame alama. Alama zilizokaa sawa kabla ya kuzungusha hazithibitishi chochote.

Kwa masega yaliyoziba, tumia geji ya vakyumu kwenye manifoldi. Injini isiyo na kasoro kwenye sailensi husoma kwa utulivu inchi 17 mpaka 21 za zebaki karibu na usawa wa bahari, pungufu kidogo mwinuko unapoongezeka. Shikilia resi 2,500. Mshale ukishuka polepole na kukataa kurudi, egzosi haipumui. Ukibadilisha masega bila kutafuta kilichoyaua, mapya yatakufa pia.

Kwa magari ya kabureta, pengo la pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta) kwanza, taimingi ya kuwaka kwa plagi baadaye, kabureta mwisho. Pengo likibadilika, taimingi inabadilika nalo, na kabureta iliyorekebishwa juu ya taimingi mbovu itakupotezea siku nzima.

Moshi

Mweusi ni mafuta mengi. Mweupe mzito unaonuka utamu ni kulanti. Bluu ni oili, na wakati wake ndio unaosema: ukitoka kwa mkupuo gari likiwashwa baada ya kulala, au ukikanyaga baada ya kushuka mlima mrefu, ni sili za valvu; ukitoka kila unapovuta kwa nguvu, ni ringi. Injini iliyofanyiwa ovaholi inaweza kula oili kidogo mpaka ringi zikae, hivyo pima kwa kijiti kila wiki na uandike kabla ya kuihukumu.

Ukifika hapa na bado hujui

Pima mgandamizo wa silinda zote, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, mfumo wa mafuta na wa plagi umezimwa, throtili iko wazi. Idadi yenyewe ina maana ndogo kuliko tofauti kati ya silinda; zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 15 kuna kasoro. Mimina kijiko kidogo cha oili kwenye silinda iliyo chini, upime tena. Ikipanda sana ni ringi. Isipopanda ni valvu au gasketi, na silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imeungua kati yake. Silinda zote zikiwa chini kwa usawa, rudi kwenye taimingi kabla ya kuamini kuwa injini imechoka.

Ukimrudia fundi, nenda na karatasi yako na namba ulizopima. Mwombe awashe injini katika hali ile ile uliyoandika, baridi kama ni ya baridi hata ikibidi gari lilale kwake. Na kila anapotaja spea, muulize kipimo gani kimeonyesha kuwa imekufa. Fundi mzuri hatakasirika. Atachukua multimita akuonyeshe.